Although, but, despite au however? Kuchagua kiunganishi na muundo wa sentensi ya Kiingereza

Fungua kamusi utafute "although", "but", "despite" na "however". Utapata ingawa, lakini, licha ya, hata hivyo: maneno ambayo kwa Kiswahili yanakaribiana kiasi cha kupokezana nafasi bila msomaji kushtuka. Kamusi haijakosea. Ila kamusi inaeleza maana, na Kiingereza hakichagui kiunganishi kwa maana peke yake. Kinaangalia pia kinachofuata neno hilo: kishazi chenye kiima na kitenzi, nomino tupu, au sentensi inayoanza upya. Makosa mengi ya waandishi wanaotoka kwenye Kiswahili huzaliwa hapo, maana ikiwa sahihi na umbo likiwa la neno jingine.

Hili hapa wazo moja lililojengwa kwa njia nne.

| Neno | Sentensi | Kinachofuata neno | Alama |
|---|---|---|---|
| but | The road was flooded, but the bus arrived on time. | kishazi huru (kinachoweza kusimama peke yake) | mkato kabla ya neno |
| although | Although the road was flooded, the bus arrived on time. | kishazi tegemezi (kisichoweza kusimama peke yake) | mkato kishazi hicho kinapoisha |
| despite | Despite the flood, the bus arrived on time. | nomino, au kitenzi chenye -ing | mkato kundi la nomino linapoisha |
| however | The road was flooded. However, the bus arrived on time. | sentensi mpya | nukta au nuktamkato kabla, mkato baada |

Kila safu ina kosa lake maarufu. Kwenye "although", kosa ni kuongeza "but" katikati: "Although the road was flooded, but the bus arrived." Kwa Kiswahili "ingawa barabara ilijaa maji, lakini basi lilifika" ni sentensi ya kila siku, maneno mawili yakisaidiana kubeba mzigo mmoja. Kiingereza kinataka mbebaji mmoja tu. Ukiweka "although" futa "but", ukiweka "but" futa "although". Ndugu wa kosa hilo ni "Because it rained, that is why we were late", ambalo ni "kwa kuwa... ndiyo maana" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza. Dawa ni ileile: bakisha kiunganishi kimoja.

Kwenye "despite", kosa ni "despite of". Chanzo chake ni "licha ya", ambayo ina -a unganifu (ile "ya" inayounganisha na nomino), hivyo mkono unaandika "of" wenyewe. Neno lenye "of" ni "in spite of", na maana yake ni ileile. Ukitaka kuweka kishazi kizima baada ya "despite", itabidi uandike "despite the fact that the road was flooded", na "despite the fact that" ni maneno manne pale ambapo "although" lingetosha. Mara nyingi sana "although" ndilo chaguo bora.

"However" ndilo linaloponza hata walioandika Kiingereza kwa miaka. Linafanana na "but" kwa maana, lakini si kiunganishi, ni kielezi. Halina nguvu ya kushika vishazi viwili pamoja. "The road was flooded, however the bus arrived on time" ni sentensi mbili zilizobandikwa kwa mkato tu, na mhariri yeyote atazitenganisha. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kulihamisha neno. "The bus, however, arrived on time" inakubalika. "The bus, but, arrived on time" haikubaliki. Neno linalohama ni kielezi, na kielezi hudai nukta au nuktamkato kabla yake kinapofungua sentensi. Kipimo hicho kinafaa pia kwa "therefore", "moreover", "nevertheless" na "consequently".

Uzito unaangukia wapi

Umbo likishakuwa sawa, kuna uamuzi wa pili ambao ni wa mwandishi mwenyewe: jambo lipi libaki akilini mwa msomaji.

"But" huweka vishazi viwili sawa kwenye mizani, kisha cha mwisho hushinda kwa sababu ndicho kilichosikika mwisho. "The plan is expensive, but it works" ni sifa. "The plan works, but it is expensive" ni onyo. Maneno ni yaleyale, na mpokeaji wa barua ya pili huenda akaufuta mpango. "Although" hufanya kazi tofauti: huteremsha kishazi kimoja cheo na kukiacha kingine kikisimama. Katika "Although the plan is expensive, it works", gharama imetajwa kwa heshima tu. Kwa hiyo unapokubali hoja ya mtu ili uipite, tumia "although" mwanzoni. Ukitaka pande zote mbili zihesabiwe, tumia "but".

"Though" ni "although" ya mazungumzo, na yenyewe inaweza kukaa mkiani: "The bus arrived on time, though." "Although" haiwezi kukaa hapo. "Even though" ina msisitizo zaidi, na isichanganywe na "even if". "Even though he is rich" inasema utajiri wake ni kweli. "Even if he is rich" inasema hatujui, na hata ikiwa hivyo haibadilishi kitu. Kiswahili cha mazungumzo kinazibeba zote mbili kwa "hata kama", ndiyo sababu zinachanganywa.

Sentensi sahili, ambatano au changamano

Kiingereza kina viunganishi saba vya kuambatanisha: for, and, nor, but, or, yet, so. Hakuna vingine vya neno moja vinavyohesabiwa kwa kawaida katika kundi hili. Mkato hutangulia vinapounganisha vishazi viwili huru, kila kimoja na kiima chake: "She checked the figures, and he signed the form." Kiima kikiwa kimoja na vitenzi viwili, mkato huondoka: "She checked the figures and signed the form."

Hapo pana jambo la kukaa nalo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima ndani yake, kwa hiyo hadithi hutembea kwa -ka- bila kiunganishi chochote: akaamka, akanawa, akaondoka. Anayehamisha mwendo huo huandika "He woke up and he washed and he left", au "He woke up, he washed, he left". Kiingereza kinataka kiima mara moja na "and" mbele ya kitenzi cha mwisho tu: "He woke up, washed and left." Wengine huweka mkato kabla ya "and" hiyo, hasa katika uandishi wa Kimarekani. Chagua mtindo mmoja uufuate hadi mwisho wa andiko.

Sifa hiyohiyo ya kitenzi cha Kiswahili huleta kosa la upande wa pili, kiima kukosekana kabisa: "We did not buy it because is expensive." Kwetu "kwa sababu ni ghali" imekamilika. Kiingereza hakiruhusu kishazi chenye kitenzi cha wakati kukosa kiima, hata pale kiima hicho hakina cha kusema: "because it is expensive", "if it is possible", "when it is necessary". Kila ukimaliza kuandika kiunganishi tegemezi, angalia neno linalofuata. Likiwa "is", "was" au "will", kiima kimeanguka.

"Nor" ina tabia yake: hugeuza mpangilio wa kiima na kitenzi kisaidizi. "She did not call, nor did she write." Ukiandika "nor she wrote" umekosea. "For" kama kiunganishi cha sababu ni ya kifasihi na haifungui sentensi. Sioni haja ya kuitumia katika barua ya kazi. "Yet" ni "but" yenye mshangao kidogo.

Kuhusu amri ya darasani kwamba sentensi isianze kwa "And", "But" au "Because": haina msingi. Sentensi ikianza na "Because" lazima iwe na kishazi huru mbele yake, basi. "Because the road was flooded." ikiishia hapo ni kipande. "Because the road was flooded, we turned back." ni sentensi kamili.

Je, ipi bora? Maelekezo ya hatua kwa hatua yanataka sentensi sahili, yenye kishazi kimoja tu. Mambo mawili yenye cheo sawa yanataka ambatano, yenye vishazi huru viwili. Sababu, sharti na wakati vinataka changamano, yenye kishazi huru na kishazi tegemezi, kwa sababu hapo uhusiano wenyewe ndio habari. "The pump stopped and the tank was empty" inamwacha msomaji akisie. "The pump stopped because the tank was empty" inamwambia.

Sababu: because, because of, since, as, so

Hapa Kiswahili kinasaidia badala ya kuponza. Tunasema "kwa sababu mvua ilinyesha" lakini "kwa sababu ya mvua". Kiingereza kina mgawanyo huohuo: "because it rained", "because of the rain". Sikia -a unganifu kichwani, andika "of". "Due to" hufuata njia ya "because of", ingawa wahariri wakali huikubali tu baada ya kitenzi cha kuwa: "The delay was due to rain."

"Since" na "as" hufaa sababu ambayo msomaji tayari anaijua: "Since you have the key, you can open the store." Kasoro yake ni kwamba yote mawili ni maneno ya wakati pia. "As the manager was leaving, we stopped work" inasomeka mara mbili: kwa kuwa meneja alikuwa akiondoka, au wakati alipokuwa akiondoka. Panapotokea shaka, rudi kwenye "because".

"Because" yenyewe ina mtego mmoja, inapofuata kanushi. "She did not resign because of the salary" yaweza kumaanisha hakujiuzulu, na mshahara ndio uliomzuia. Yaweza pia kumaanisha alijiuzulu, ila kwa sababu nyingine. Ukimaanisha la kwanza, tanguliza sababu: "Because of the salary, she did not resign." Ukimaanisha la pili, taja sababu ya kweli: "She resigned, but not because of the salary."

"So" na "so that" hutenganishwa kwa maneno mawili ya Kiswahili. Ukiweza kuweka "hivyo", ni "so" yenye mkato: "The road was flooded, so we turned back." Ukiweza kuweka "ili", ni "so that" bila mkato, na kwa kawaida hufuatwa na can, could, will au would: "We left early so that the children could sleep." Kiima kikiwa kilekile pande zote, njia fupi hushinda: "We left early to catch the ferry." Usiandike "for to catch" wala "for catching". Na "kiasi kwamba" ikifuata kivumishi ni "so... that": "The rain was so heavy that we stopped." Nomino ikiwapo, tumia "such": "It was such a heavy storm that we stopped."

Sharti na wakati: pale -ki- inapogawanyika

"Akija, nitamwambia." Kwa Kiingereza lazima uamue kabla hujaandika neno la kwanza. "If she comes" ina maana huenda asije. "When she comes" ina maana atakuja, swali ni saa tu. Mwandishi anayetumia "if" kila mahali huonekana kuwa na wasiwasi na mambo ambayo yana uhakika. "If you reach my age", akiambiwa kijana, ni maneno ya kutisha bila kukusudia.

Uamuzi wa pili ni wakati wa kitenzi. "Atakapofika" hubeba alama ya wakati ujao ndani yake, ndiyo maana tunaandika "when she will arrive". Kiingereza hutumia wakati uliopo katika kishazi cha sharti au cha wakati, na kuacha "will" kwenye kishazi kikuu: "When she arrives, I will tell her." Kanuni hii inashika "if", "when", "before", "after", "until", "as soon as" na "unless".

Inavunjika hasa hapa: "if" inapomaanisha kama ya kuulizia, "will" hurudi. "I do not know if she will come." Hapo unaweza kuweka "whether", na "whether" ni ya lazima baada ya kihusishi na kabla ya "to": "the question of whether she will come", "whether to wait".

Kisha kuna -nge-. "Ningekuwa na muda, ningekusaidia" ina -nge- pande zote mbili, na nakala yake ni "If I would have time, I would help you". Kiingereza sanifu huweka "would" upande mmoja tu, na upande wa "if" hupata wakati uliopita: "If I had time, I would help you." Kwa jambo lililokwishapita, yaani "ningalijua, ningalikuja", upande wa "if" hupata "had" na kitenzi cha umbo la tatu: "If I had known, I would have come."

"Unless" ina kanushi ndani yake. "Usipolipa, hutaingia" ni "Unless you pay, you will not enter" au "If you do not pay, you will not enter". "Unless you do not pay" humruhusu kuingia yule asiyelipa, jambo ambalo mwenye mlango hakulikusudia. "In case" nayo si "if". "Save the file in case the power fails" ni tahadhari ya mapema. "Save the file if the power fails" inamtaka mtu ahifadhi faili kwenye kompyuta iliyozimika.

Kanushi nyingine iliyojificha ni ya kabla. "Kabla hajafika" ina ha- ya kukanusha, Kiingereza hakina: "before she arrived", si "before she had not arrived".

"Mpaka" hugawanyika mara tatu. Jambo linaloendelea hadi wakati fulani ni "until": "I will be here until Friday." Tarehe ya mwisho ya kukamilisha ni "by": "Send the report by Friday." Ukiandika "Send the report until Friday" unamwambia aendelee kuituma kila siku hadi Ijumaa. Mahali ni "to" au "as far as": "We walked as far as the bridge."

Kati ya "while" na "during", fuata tena -a unganifu: "wakati wa mkutano" ni "during the meeting", "tulipokuwa tukikutana" ni "while we were meeting". "While" pia hutumika kwa ilhali, na pale inapoweza kueleweka kama wakati, "whereas" huondoa utata.

Na isiyo "and"

"Tulienda na Ali" kwa Kiswahili yaweza kuwa watu wawili tu, mimi na Ali. "We went with Ali" ni watu watatu au zaidi. Kwa wawili, andika "Ali and I went" au "I went with Ali". Katika taarifa ya safari au ya matumizi ya fedha, mtu mmoja wa ziada huleta maswali.

Jozi kama "neither... nor" zinataka kitenzi kisichokanushwa, kwa kuwa kanushi imeshakaa kwenye jozi yenyewe, na kitenzi hufuata kiima kilicho karibu nacho: "Neither the teacher nor the students were told." Katika "not only... but also", sehemu mbili ziwe za aina moja. "He not only writes but also edits" imesawazika. "He not only writes but also an editor" imeanguka upande mmoja.

Wakati mwingine njia bora ni kuacha kiunganishi na kutumia kishazi rejeshi: "I bought a book. It explains commas" huwa "I bought a book that explains commas." Angalia tu kiambishi cha mtendwa kisikufuate. "Kitabu ambacho nilikinunua" si "the book which I bought it". Ile "which" imeshachukua nafasi ya "it".

Njia ya mwisho, -ing mwanzoni mwa sentensi, ni fupi na hatari. "Akitembea barabarani, gari lilimgonga": ile a- inatuambia aliyetembea ni mtu, li- inatuambia kilichogonga ni gari. Kiingereza hakina viambishi hivyo. "Walking along the road, a car hit him" kisarufi inasema gari ndilo lililokuwa likitembea kwa miguu, kwa sababu -ing hushika kiima cha kwanza kinachofuata. Rudisha kiunganishi na kiima chake, na kila mmoja atarudi mahali pake: "While he was walking along the road, a car hit him."